Kilwa ya mbao au ya mawe? Kazi za darasani zinazomfanya mwanafunzi aifanye historia, si kuikariri tu

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, aliwasili Kilwa, mji wa pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, kwa chombo akitokea Mombasa. Katika masimulizi ya safari zake anausifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, uliojengwa kwa ustadi, kisha anasema wote umejengwa kwa mbao. Lakini Kilwa Kisiwani bado kuna magofu ya Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, na kuna kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100, linalohusishwa na sultani yuleyule aliyekuwa akitawala mgeni huyo alipofika. Hayo yote ni mawe ya matumbawe na chokaa. Sasa mbao alizoziona msafiri wetu ni zipi?

Lirushe swali hilo katika darasa la sekondari, utaona ubishi unaanza kabla hujamaliza kugawa karatasi. Mmoja atasema Ibn Battuta ni mwongo. Mwingine atasema hakufika kabisa, alisimuliwa na mabaharia. Wa tatu, mara nyingi yule asiyenyoosha mkono siku zote, atauliza kama magofu hayo hayakujengwa baadaye. Huyo wa tatu ndiye ameanza kufanya historia, na somo zima limwelekee yeye.

Walimu wengi wakiambiwa waache kusoma notisi na "kuwashirikisha wanafunzi", wanakimbilia igizo, bango, chemsha bongo, mdahalo. Darasa linachangamka, mkaguzi anafurahi, na kengele ikilia hakuna aliyejifunza jambo ambalo asingelipata kwenye ukurasa mmoja wa kitabu. Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Tunasema "historia" tukimaanisha mambo yaliyopita, na tunasema "historia" tukimaanisha kazi ya kuyachunguza. Yaliyopita yamepita. Kilichobaki ni mabaki: barua, sarafu, picha, daftari za ushuru, makaburi, mashairi, maneno ya wazee. Historia kama somo ni kazi ya kuyachukua mabaki hayo na kujenga maelezo unayoweza kuyatetea mbele ya mtu anayekupinga. Mwanafunzi anayenakili notisi anapokea maelezo yaliyojengwa na mtu mwingine, asijue yamesimama juu ya nini.

Kwa hiyo kila shughuli ya darasani naipima kwa swali moja: je, mwanafunzi angeweza kuimaliza bila kugusa ushahidi wowote? Kama jibu ni ndiyo, basi shughuli hiyo ni marudio au ni burudani. Marudio si dhambi. Mtu hawezi kufikiri juu ya jambo asilolijua, na chemsha bongo ya dakika tano mwanzoni mwa kipindi inasaidia kukumbuka majina na miaka. Ila tuiite marudio, tusijidanganye kwamba tumefundisha uchunguzi.

Nini hasa mwanahistoria anafanya ambacho mwanafunzi hafanyi? Mwaka 1991 mtafiti wa Marekani, Sam Wineburg, alichapisha utafiti mdogo lakini uliotikisa fani. Aliwapa wanahistoria 8 na wanafunzi 8 wa sekondari nyaraka zilezile kuhusu mapigano ya Lexington ya mwaka 1775, yaliyoanzisha vita vya uhuru wa Marekani, akawataka wafikiri kwa sauti wanaposoma. Baadhi ya wanahistoria hao hawakuwa wataalamu wa historia ya Marekani, kwa hiyo hawakuwazidi wanafunzi sana kwa kukumbuka matukio. Tofauti ilikuwa kwenye usomaji. Mwanahistoria macho yake yalikwenda kwanza chini ya karatasi: nani ameandika, lini, akimwandikia nani? Kisha alilinganisha waraka huu na ule, na kujiuliza hali ilikuwaje siku hizo. Wanafunzi walisoma kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na jina la mwandishi kwao lilikuwa neno la mwisho tu kwenye ukurasa.

Tabia hizo tatu, yaani kuuliza chanzo kimetoka wapi, kukilinganisha na vingine na kukiweka katika wakati wake, hazifundishwi kwa kuziandika ubaoni. Ukiziandika zitakaririwa kama vitu vingine. Turudi Kilwa tuone zinavyofundishwa.

Karatasi ya kwanza ina mistari minne tu: maneno ya Ibn Battuta kuhusu mji, mbao, na mvua nyingi. Chini, kwa herufi ndogo, kuna maelezo ya chanzo. Usiseme lolote. Waache wasome, kisha uliza: maneno haya yaliandikwa mwaka gani? Karibu wote watajibu 1331. Waambie wasome tena zile herufi ndogo. Hapo ndipo wanagundua kwamba msafiri huyu alisimulia safari zake akiwa amesharudi Moroko, na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akayaandika kwa amri ya sultani, kazi ikakamilika mwaka 1355. Miaka 24 imepita! Waambie kila mmoja aandike rangi ya mlango wa darasa alilosomea mwaka wake wa kwanza wa shule, halafu waliosoma pamoja walinganishe. Kicheko kitakachofuata kinafundisha kuhusu kumbukumbu kuliko mhadhara wowote.

Karatasi ya pili inatoka kwa mtu aliyesafiri na kikosi cha meli za Wareno kilichoushambulia mji huo mwaka 1505. Yeye anataja nyumba za mawe na chokaa, zenye ghorofa. Hapo darasa linadhani kesi imekwisha: Mreno kashinda, Ibn Battuta kashindwa. Mwalimu mwenye haraka naye atafunga mjadala hapo. Usifunge. Uliza Mreno huyu alikuwa anatazama nini, na kwa nini. Jeshi linaloteka mji hutazama ngome, maghala na nyumba za wenye mali, kwa sababu mali iko humo. Halafu toa karatasi ya tatu: mchoro wa magofu pamoja na umri wa kila jengo, kama wachimbaji wa mambo ya kale walivyoukadiria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Sasa yule mwanafunzi wa tatu anapata jibu lake, kwamba majengo makubwa yalikuwapo tayari 1331, na ubishi unabidi utafute njia nyingine.

Njia hiyo nyingine kwa kawaida inachelewa, na ikija inakuja taratibu. Mtu atauliza: je, watu wote wa Kilwa walikaa kasrini? Watu wa kawaida walikaa wapi? Nyumba ya miti na udongo ikibomoka haiachi gofu. Kinachobaki juu ya ardhi baada ya miaka 700 ni makazi ya matajiri na nyumba za ibada, na sisi tukiyaona tunadhani ndio mji wote. Huenda basi Ibn Battuta aliusema mji kama alivyouona kutoka jahazini: paa za makuti na matete kila upande, na majengo ya mawe machache katikati. Huenda pia alisahau, au mwandishi alichanganya Kilwa na mji mwingine wa pwani. Mwishowe kila kikundi kiandike sentensi mbili: maelezo gani tunayaona yana nguvu zaidi, na ni ushahidi gani tukiupata utatufanya tubadili mawazo. Sentensi ya pili ndiyo ninayoisahihisha kwa makini. Mwanafunzi aliyeandika kwamba angetaka wachimbaji watafute matundu ya nguzo za nyumba kwenye udongo, huyo amenielewa.

Mara ya kwanza kufundisha kipindi cha namna hii niliharibu. Nilipeleka vyanzo sita, kila kimoja ukurasa mzima, kwa lugha ya watafsiri wa zamani. Nusu saa iliisha wanafunzi wakitafuta maana ya maneno. Tangu siku hiyo navitumia viwili au vitatu, nimevikata, na nimerahisisha maneno magumu. Wako wanaoona kurahisisha chanzo ni kukichakachua. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Weka nakala kamili mezani kwa anayetaka, waambie wanafunzi wazi kwamba umeirahisisha, na endelea na kazi. Chanzo kisichosomeka hakina faida kwa mtoto wa miaka 15.

Tuhame. Wakati ni dhana nyingine inayodhaniwa rahisi. Mwanafunzi anaweza kukariri miaka mia moja na bado kichwani mwake "zamani" ikawa chumba kimoja ambamo Farao, Ibn Battuta na wakoloni wameketi pamoja. Dawa yake ni kamba. Kata kamba ya mita tano, sentimita 1 iwe miaka 10, kisha uwaombe wanafunzi wabane vipande vya karatasi mahali pake. Piramidi Kuu ya Giza, kama mwaka 2560 KK, itakaa karibu na mwanzo. Kifo cha Kleopatra, mwaka 30 KK, kitakuwa kama sentimita 250 mbele yake. Kutoka kwa Kleopatra hadi leo ni kama sentimita 205 tu. Darasa zima litahesabu upya likidhani umekosea. Kleopatra yuko karibu zaidi na sisi kuliko na wajenzi wa piramidi ile, na wote wawili kitabu kinawaweka kwenye sura moja ya Misri ya kale. Kazi hiyo ni ya dakika 15, na kamba ibaki ukutani mwaka mzima ipokee matukio mapya.

Sababu za matukio zinahitaji muda mrefu zaidi, na hapa ndipo kukariri kunafanya madhara makubwa. Mwanafunzi akiulizwa sababu za Vita Kuu ya Kwanza ataorodhesha: ushirikiano wa kijeshi, utaifa, ubeberu, mashindano ya silaha, mauaji ya Sarajevo. Orodha ni sahihi, ila haielezi chochote, kwa sababu orodha haionyeshi kitu gani kilisukuma kingine. Andika vitu hivyo kwenye kadi, pamoja na matukio ya wiki zile: mauaji ya Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria-Hungaria, tarehe 28 Juni 1914, dereva wake kupotea njia siku hiyo, Ujerumani kuihakikishia Austria-Hungaria kwamba itaiunga mkono tarehe 5 Julai, onyo la mwisho kwa Serbia tarehe 23 Julai, Urusi kuamuru majeshi yake yote yajiandae tarehe 30 Julai, Ujerumani kuingia Ubelgiji tarehe 4 Agosti. Kikundi kizipange kwenye meza na kichore mishale, na juu ya kila mshale liandikwe neno la kitendo: ulichochea, uliruhusu, uliharakisha, ulizuia. Neno hilo dogo ndilo kazi yenyewe. Mshale usio na neno haukubaliwi.

Zikishapangwa, pita mezani uondoe kadi moja. Kwa kikundi kimoja toa ile ya dereva wa Franz Ferdinand kupotea njia na kusimamisha gari karibu na alipokuwa muuaji wake, Gavrilo Princip. Je, vita isingetokea? Wengine watasema isingetokea kabisa. Wengine watasema cheche ingepatikana kwingine, maana nyasi zilikuwa kavu. Usiwaamulie, wabane tu: nionyesheni mishale inayobaki inatosha kufika Agosti.

Igizo ndilo linalopendwa kuliko vyote, nalo ndilo linaloharibika upesi kuliko vyote. "Jifanye wewe ni mtumwa, eleza unavyojisikia." Hili nalikataa bila kusita. Mwanafunzi hana namna ya kujisikia hivyo. Atatoa hisia zake za leo azivike nguo za zamani, na pengine kuna mwenzake darasani ambaye jambo hilo si mchezo kwao. Maigizo ya mnada wa watumwa, kambi za mateso au mauaji ya halaiki hayana nafasi darasani, hata nia iwe njema kiasi gani. Vitu hivyo visomwe kupitia maneno ya waliovipitia.

Igizo linalofaa ni la uamuzi. Mpe mwanafunzi kile tu ambacho mtu wa wakati huo alikijua, si zaidi, kisha aamue. Chukua Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905. Kikundi kimoja ni washauri wa watawala wa Wangoni, kingine ni wa Wahehe. Wote wamesikia habari za mganga Kinjikitile Ngwale na maji yake ya dawa yanayosemekana kugeuza risasi kuwa maji, wote wanaijua kodi na adha ya utawala wa Wajerumani. Lakini Wahehe wana kadi moja zaidi: miaka saba tu imepita tangu mtawala wao Mkwawa afe mwaka 1898, baada ya vita virefu na Wajerumani vilivyowaacha wamechoka. Waamue kujiunga au kukaa pembeni, na kila hoja itaje kadi inayoitegemea. Baadaye ndipo unapowaambia kwamba Wangoni waliingia na Wahehe kwa sehemu kubwa hawakuingia. Mwanafunzi aliyekuwa anawaona Wahehe waoga, au Wangoni wajinga kwa kuamini maji, sasa anaona watu wenye akili timamu wakipima mambo kwa taarifa walizokuwa nazo. Kuhurumia si lazima. Kuelewa ndiko kunakotakiwa.

Vita hivyohivyo vinatoa kipindi kizuri kuhusu takwimu. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria wa Tanzania, Gwassa, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Andika namba hizo mbili ubaoni na uulize kila mmoja alikuwa anamhesabu nani. Waliopigwa risasi tu, au na waliokufa kwa njaa baada ya majeshi kuchoma mashamba na maghala? Hadi mwaka gani? Nani angejua idadi ya watu wa kijiji kilichohamwa? Baada ya hapo darasa halitasoma tena namba yoyote kwa imani ileile.

Mdahalo nausemea kwa kifupi kwa sababu unafahamika. Hoja ikiwa pana, kwa mfano kama ukoloni ulikuwa na faida, mshindi ni mwenye sauti kubwa, na nusu ya darasa imelazimika kutetea mateso. Ifinye hoja mpaka ushahidi uweze kuiamua. Picha nazo ni rahisi na hazigharimu kitu: funika nusu ya picha, waulize inaonyesha nini, kisha funua. Ukitaka somo kali zaidi, weka pamoja nakala mbili za picha ya Stalin kando ya mfereji wa Moscow, moja akiwa na Nikolai Yezhov, mkuu wake wa polisi wa siri, nyingine Yezhov akiwa amefutwa baada ya kuuawa mwaka 1940. Na ile mbinu ya vipande, aliyoibuni Elliot Aronson huko Austin, Texas, mwaka 1971, ambapo kila mwanafunzi anajifunza kipande kimoja na kuwafundisha wenzake, ni nzuri kwa sharti moja: swali la mwisho lisijibike bila vipande vyote. Vinginevyo inageuka kupokezana notisi.

Najua pingamizi linalokuja: muhtasari ni mrefu, mtihani hausubiri. Ni kweli, na sisemi kila kipindi kiwe uchunguzi. Mada moja, uchunguzi mmoja, na vipindi vingine vya mada hiyo mwalimu asimulie vizuri. Masimulizi mazuri ya mwalimu yamedharauliwa mno siku hizi, na bila hayo wanafunzi hawana pa kuanzia. Lakini angalia insha za mtihani za wanafunzi waliopanga kadi za 1914. Wanaandika "kwa sababu" na "ingawa" mahali wenzao wanapoandika "pia" na "vilevile".

Kazi inayobaki inatoka nje ya darasa, nayo ni kuhoji wazee. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya Maji Maji kutoka kwa watu waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita. Hadi hapo habari nyingi zilizoandikwa zilikuwa za upande wa Wajerumani. Wanafunzi wa sekondari nao wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa kiwango chao, kuhusu jambo lolote ambalo mzee aliliona mwenyewe: gulio lilivyokuwa, mwaka wa ukame, redio ya kwanza mtaani. Wafundishwe kwanza kuomba ruhusa. Wafundishwe kuuliza "ilikuwaje?" badala ya "ilikuwa mbaya, sivyo?", kunyamaza mzee anapotafuta neno, kuandika tarehe ya mahojiano na umri wa msimulizi, na kutenganisha aliyoyaona na aliyoyasikia. Kisha wawahoji wazee wawili kuhusu jambo lilelile. Wakirudi darasani na majibu yasiyolingana, wakiwa na wasiwasi kwamba wamekosea, waambie wakae kwenye vikundi vyao na watoe tena zile karatasi za Kilwa.